Maua ya Vuli katika Bustani ya Mawe

Vitabu vingi vya biolojia vinavyotumika katika shule zetu za sekondari vina asili yake katika nchi zenye majira manne. Mwanafunzi wa Tanga au wa Moshi husoma humo kwamba mimea huchanua katika majira ya machipuko, huzaa wakati wa kiangazi, hupukutisha majani, kisha hulala wakati wa baridi. Huyakariri hayo kama alivyokariri majina ya sayari, akayaandika katika mtihani na kupata alama zake. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipata nafasi ya kutembea katika mtaa wa mji wa Uingereza au Scotland mwishoni mwa Septemba, wakati majani ya miti yamekwisha kugeuka manjano, atashangaa kuona katika bustani ndogo za majumbani, baina ya mawe, maua ya waridi, ya zambarau, ya manjano na ya buluu yakichomoza ardhini, mengine bila jani hata moja. Je, maua hayo yamepotea njia? Yatazaa lini, ilhali baridi i mlangoni?

Makala haya yanakusudia kujibu swali hilo. Mimea mingi ya namna hii hufuata kalenda ambayo mwanafunzi wa pwani ya Afrika Mashariki anaifahamu vizuri zaidi kuliko mwanafunzi wa London, na kwa hiyo ni somo jema la kumwonyesha kwamba elimu ya mimea si jambo la kukariri majira ya watu wengine.

Kwanza yafaa tuseme machache juu ya jina. Majira ambayo huko Ulaya huanza Septemba na kwisha Novemba hayana jina moja lililokubaliwa na wote katika Kiswahili. Wako wanaosema majira ya kupukutika majani, wako wanaosema demani, na wako wanaosema vuli. Wanaolipinga neno la mwisho hudai kwamba vuli kwetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, ambazo hazihusiani hata kidogo na kupukutika kwa majani. Kama tunazungumzia mwaloni wa Ulaya, wapinzani hao wana haki. Kwa maua tunayoyazungumzia hapa, hata hivyo, sijaona neno lifaalo kuliko vuli, na sababu yake itadhihirika mbele kidogo.

Bustani ya mawe ni nini?

Bustani ya mawe ni kichuguu au mteremko uliojengwa kwa makusudi, kwa mawe na udongo mwepesi, ili kuotesha mimea midogo ya milimani na ya nchi kavu. Desturi hii ilienea sana Uingereza katika karne ya 19. Bustani ya mawe ya Kew, karibu na London, ilijengwa mwaka 1882 na ingali inatembelewa mpaka leo. Mtu aliyeifanya desturi hii kuwa ya watu wa kawaida, wenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, ni Reginald Farrer, aliyeishi tangu 1880 hadi 1920. Kitabu chake cha juzuu mbili kuhusu bustani za mawe, kilichotoka mwaka 1919, kilisomwa na wakulima wa maua kwa miongo mingi.

Watu wengi hudhani mawe huwekwa kwa ajili ya urembo. La. Kazi yake kubwa ni kuondoa maji. Mimea ya milimani na ile yenye matunguu huweza kustahimili baridi kali kuliko tunavyodhani. Kinachoiua katika bustani za Ulaya ya kaskazini ni maji yatuamayo katika mizizi, ambayo huleta kuoza. Kwa hiyo mjenzi huanza kwa kutandika kokoto kubwa au matofali yaliyovunjika, kisha hujaza juu yake mchanganyiko wa udongo, mboji na changarawe kwa vipimo takriban sawa. Jiwe lenyewe huzikwa theluthi yake au zaidi, likiinamishwa nyuma kidogo ili mvua iteremke kuelekea mizizi iliyojificha chini yake. Chini ya jiwe udongo hubaki na unyevu na ubaridi hata jua likiwa kali, na kando ya jiwe, upande unaopigwa na jua, joto la mchana huhifadhiwa mpaka jioni. Hivyo katika eneo lisilozidi ukubwa wa chumba mtu aweza kupata tabia za nchi mbili tatu zilizo tofauti. Mwalimu wa jiografia ataona mara moja kwamba hapa pana somo lake pia.

Kalenda ya nchi ya Bahari ya Kati

Tuchukue sasa ramani na kutazama mahali ilipotoka mimea mingi ichanuayo katika bustani hizi mwezi wa Septemba na Oktoba. Asili yake ni kusini mwa Ufaransa, Italia, Ugiriki, Uturuki, na nchi nyingine zinazoizunguka au kuikaribia Bahari ya Kati. Huko, tofauti na Uingereza, mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni kikavu kweli kweli. Mji wa Athens, kwa mfano, mara nyingi haupati hata milimita 10 za mvua katika mwezi mzima wa Julai. Majani ya nyasi hukauka, udongo hupasuka, na mimea midogo hujificha chini ya ardhi katika umbo la matunguu na viazi. Mwishoni mwa Agosti au Septemba joto huanza kupungua, na baada ya hapo mvua za kwanza huanguka.

Kwa mmea wa nchi ile, basi, kipindi cha usingizi si baridi bali ni ukame wa kiangazi, na mwaka wake mpya huanza pale mwaka wa mwaloni wa Uingereza unapokwisha. Ua linalochomoza Septemba halifungi msimu; linaufungua. Linafanya lile lile ambalo msomaji wa pwani yetu huliona mvua za kwanza zinapopiga ardhi iliyokauka: katika vichaka hutokea kwa ghafula tufe jekundu la maua, kubwa kama chungwa au zaidi, juu ya kikonyo kimoja kisicho na majani au ambacho majani yake ndiyo kwanza yanachipua. Mmea huo wataalamu huuita Scadoxus multiflorus, na una tunguu chini ya ardhi kama wenzake wa Ulaya. Mimea ya Ugiriki nayo ina vuli yake, kwa maana ile ile tuijuayo sisi.

Lakini kwa nini ua litangulie jani? Jani hupoteza maji mengi, na mmea unaoamka katika udongo ambao bado haujalowa vizuri ungejitia hatarini kama ungetandaza majani kwanza. Ua laweza kutengenezwa kwa wanga na maji yaliyowekwa akiba katika tunguu tangu msimu uliopita. Akiba hiyo ni kubwa kiasi cha kustaajabisha. Tunguu la kolchikamu, mmea tutakaoueleza punde, likiwekwa juu ya meza tupu, bila udongo wala tone la maji, hutoa maua yake kwa wakati wake kana kwamba liko shambani. Wauza mbegu wa Ulaya hulijua jambo hili, na mara nyingine hukuta bidhaa yao imechanua ndani ya mfuko.

Iko faida ya pili. Maua yachanuayo mapema hutumia siku za mwisho zenye nyuki na wadudu wengine, kabla baridi haijawaondoa, na wakati huo washindani wao ni wachache.

Siklameni

Katika mimea yote ya kundi hili, mwandishi wa makala haya anaipendelea siklameni, ile iitwayo Cyclamen hederifolium, na huenda msomaji ataniwia radhi nikikawia kidogo hapa. Ua lake ni dogo, la waridi au jeupe, na petali zake tano zimekunjwa kuelekea nyuma kama masikio ya sungura akimbiaye. Huanza kuchanua Agosti na kuendelea mpaka Oktoba. Majani hufuata baadaye, yenye madoa ya rangi ya fedha, nayo hukaa mpaka mwisho wa majira ya machipuko, kisha hufa wakati mimea mingine yote ikishamiri.

Mwanafunzi aweza kuuliza: jani linalofanya kazi wakati wa baridi hupata nuru gani? Jibu lake li katika neno lile lile la kupukutika. Siklameni huota chini ya miti. Wakati wa kiangazi miti hiyo huziba anga kwa majani; yanapopukutika, nuru hufika chini, na jani la siklameni liko tayari kuipokea. Kile kinachoonekana kama kifo cha msitu ni kufunguliwa kwa dirisha kwa mmea ulio chini yake. Ningependa walimu walitumie jambo hili wanapofundisha usanisinuru, kwa kuwa linaonyesha kwamba majira ni jambo la uhusiano kati ya kiumbe na kiumbe, mbali na kuwa jambo la tarehe.

Baada ya uchavushaji, kikonyo cha ua hujisokota kama kamba ya saa na kuivuta tunda chini, hata likagusa udongo. Tunda hulala hapo majira yote ya baridi na ya machipuko, na hupasuka katika kiangazi kinachofuata. Mbegu zake zimepakwa ute mtamu unaowavutia sisimizi. Hao huzibeba mpaka mashimoni mwao, hula ule utamu na kuziacha mbegu bila kuzidhuru. Ndiyo sababu mwenye bustani hukuta miche ya siklameni katika nyufa za mawe ambako yeye hakuipanda. Kiazi chake, nacho, huishi miaka mingi sana. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu huko Scotland, bibi mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na siklameni aliyoirithi kwa mama yake, ikiwa na kiazi kipana kama sahani ya chakula. Alikuwa akiihesabu maua yake kila mwaka na kuandika jumla yake katika kalenda ya ukutani, desturi ambayo mtafiti yeyote angeionea wivu.

Msomaji asidhani jamaa ya siklameni ni ya Ulaya peke yake. Mwaka 1989 ilitangazwa kwa wanasayansi aina mpya, Cyclamen somalense, iliyogunduliwa katika milima ya mawe ya chokaa kaskazini mwa Somalia, mahali ambapo ukungu utokao Ghuba ya Aden hulowesha miamba. Hiyo ndiyo siklameni ya kusini kuliko zote zijulikanazo, na ni jirani yetu.

Krokasi, zafarani, na ua linalofanana nazo

Krokasi nyingi huchanua mwishoni mwa baridi, lakini ziko zichanuazo Septemba hadi Novemba, kama Crocus speciosus yenye rangi ya buluu na zambarau. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Crocus sativus, mama wa zafarani, kiungo ambacho watu wa Zanzibar, Lamu na Mombasa hukitia katika biriani. Zafarani ni ncha tatu nyekundu za sehemu ya kike ya ua, basi. Huhitajiwa maua yapatayo 150,000 ili kupata kilo moja ya zafarani kavu, na maua yote huchumwa kwa mkono katika majuma machache ya vuli. Hapo msomaji ataelewa bei yake. Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia hutoka Iran.

Zafarani haizai mbegu. Katika seli zake mna kromosomu 24, yaani seti tatu za kromosomu 8 kila moja, na seti tatu haziwezi kugawanyika vizuri katika mgawanyiko wa seli za uzazi. Kwa hiyo kila mmea wa zafarani uliopo leo umetokana na tunguu lililogawanywa na mkono wa binadamu. Asili yake ni krokasi mwitu wa Ugiriki.

Utafiti juu ya zafarani umetusaidia pia kuelewa jinsi tunguu linavyojua wakati. Ua huanza kujengwa ndani ya tunguu wakati wa kiangazi, tunguu likiwa limelala katika udongo wenye joto la digrii 23 hadi 27 za sentigredi. Likikamilika halitoki, hungoja. Joto likishuka kufikia kama digrii 17, ndipo linapochomoza. Kwa hiyo ishara ya kuchanua ni kushuka kwa joto baada ya joto kali, na tunguu likikoseshwa lile joto la kwanza, maua hupungua au hayapatikani. Msomaji wa Njombe au Mbeya atakumbuka pareto, ambayo nayo hudai ubaridi ili itoe maua mengi, na ndiyo maana hailimwi pwani.

Sasa tuufikie ule mmea ulio hatari. Kolchikamu, au Colchicum autumnale, hutoa ua la rangi ya waridi hafifu lenye umbo la kikombe, ambalo kwa jicho la haraka ni krokasi kabisa. Waingereza wana jina la mzaha kwa ua hili, maana yake mabibi wasio na nguo, kwa kuwa hutoka ardhini bila jani lolote. Ovari yake imezikwa chini ya ardhi pamoja na tunguu, na kile tukionacho kama kikonyo ni bomba refu la petali zenyewe. Mimba hutungwa katika vuli, lakini tunda hukaa chini ya udongo, likiwa salama na sakitu, mpaka majira ya machipuko, ndipo linapoinuliwa juu pamoja na majani mapana.

Kuna njia rahisi ya kuyatofautisha maua haya, nayo ni kuhesabu stameni. Krokasi ina 3, kolchikamu ina 6. Ziko pia maua ya manjano ya Sternbergia lutea, yachanuayo Septemba na Oktoba, ambayo nayo ina stameni 6 lakini ni ya ukoo mwingine, kwani ovari yake i chini ya petali. Maua matatu yaliyofanana kwa umbo, na koo tatu tofauti: mwalimu anayefundisha uainishaji hatapata mfano ulio wazi zaidi.

Sumu iletayo dawa

Kuhesabu stameni kwaweza kuokoa maisha. Kila sehemu ya kolchikamu ina sumu iitwayo kolchisini, iliyotengwa na wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou mwaka 1820. Katika Ulaya watu wamekufa baada ya kula majani yake katika majira ya machipuko, wakiyadhania kuwa ya kitunguu saumu mwitu, ambacho wenyeji huokota msituni na kupika. Wakati huo ua, ambalo lingewaonya, halipo. Lilikwisha kunyauka miezi sita iliyopita. Dalili huanza saa kadhaa baada ya kula, kwa kutapika na kuhara, na mgonjwa huweza kuonekana kama anapata nafuu kabla viungo vya ndani havijaanza kushindwa.

Jambo hili si la Ulaya tu. Katika vichaka vya Afrika Mashariki, toka pwani mpaka bara, huota mmea utambaao wenye maua mekundu na manjano yaliyopinduka kama ndimi za moto, na majani ambayo ncha zake hujisokota na kushika matawi ya jirani. Jina lake la kitaalamu ni Gloriosa superba, na Zimbabwe imeufanya ua lake la taifa. Huo ni wa ukoo mmoja na kolchikamu, na mizizi yake minene, yenye umbo la panda, imejaa kolchisini ile ile. Katika nchi za Asia ya kusini, ambako pia huota, wamepatikana watu waliokula mizizi hiyo wakidhani ni kiazi kitamu au kiazi kikuu, wakafa. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi porini awaonyeshe ua hili kwa jina na awakataze kulichimba. Aliyekula apelekwe hospitali papo hapo, hata kama hajaona dalili yoyote, na kipande cha mmea kichukuliwe pamoja naye.

Sumu hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo kilichoamuliwa na daktari, ni dawa ya jongo ya tangu zamani. Tofauti kati ya kipimo kinachoponya na kinachoua ni ndogo, na kwa hiyo dawa hii si ya kujitengenezea nyumbani. Kazi yake katika seli inaeleweka vizuri: huzuia kujengwa kwa nyuzi ndogo ambazo huzivuta kromosomu upande huu na upande huu seli inapogawanyika. Kromosomu hujigawa, lakini seli haigawanyiki, na hivyo hubaki na idadi maradufu. Mwaka 1937 Blakeslee na Avery huko Marekani walionyesha kwamba kwa njia hii mimea yenye kromosomu maradufu yaweza kutengenezwa kwa makusudi.

Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wafanye hesabu ifuatayo. Tikiti maji la kawaida lina kromosomu 22. Likitiwa kolchisini huwa na 44. Tikiti hili jipya likichavushwa na lile la kawaida, mtoto wao atakuwa na kromosomu 11 kutoka upande mmoja na 22 kutoka wa pili, jumla 33, yaani seti tatu. Mtoto huyo, kama zafarani, hatazaa mbegu. Hivyo ndivyo Mjapani Hitoshi Kihara alivyopata tikiti lisilo na mbegu, alilolieleza mwaka 1951. Zafarani ilifika hapo kwa bahati. Tikiti lilifikishwa kwa sumu ya jamaa ya ua linalofanana na zafarani.

Wachelewao kweli

Isidhaniwe kwamba kila ua la Septemba huanza mwaka mpya. Liko kundi la pili, ambalo hufunga mwaka wake kweli, na mfano wake bora ni jentiana ya China, Gentiana sino-ornata. Mskoti George Forrest ndiye aliyeipeleka Uingereza kutoka Yunnan, mwanzoni mwa karne ya 20. Maua yake ni tarumbeta za buluu kali yenye mistari, zinazolala juu ya nyasi fupi tangu Septemba mpaka Novemba. Milima ya Yunnan hupata mvua zake wakati wa kiangazi, zikiletwa na pepo za monsuni. Mmea huu basi hukua miezi yote ya mvua na kuchanua mvua zinapokaribia kwisha. Ukiupanda karibu na siklameni mmoja wao atakufa, kwani jentiana hutaka udongo wa asidi usiokauka kiangazi, na siklameni hutaka kinyume chake. Mwenye bustani asiyejua mvua za nchi ya asili ya mmea wake atautilia maji mengi na bado hataona ua.

Katika wachelewao hao wako wanaopima wakati kwa urefu wa mchana. Sisi tulio karibu na Ikweta hatulioni jambo hili kwa urahisi: Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi katika mwaka mzima ni dakika zisizofika 50. Edinburgh hupata mchana wa saa 17 na nusu hivi mwezi Juni, na saa 7 tu Desemba. Kufikia mwisho wa Septemba mchana hupungua kwa zaidi ya dakika 4 kila siku. Ishara hiyo haidanganyi kama joto au mvua. Mwaka 1920 Garner na Allard, wa Idara ya Kilimo ya Marekani, walieleza jinsi aina ya tumbaku iliyokataa kuchanua kiangazi ilivyochanua ilipofungiwa gizani sehemu ya kila siku. Baadaye, mwaka 1938, Hamner na Bonner walionyesha kwamba mmea hupima hasa urefu wa usiku usiokatizwa na nuru.

Krisanthemu, ua maarufu la vuli, ni mmea wa kundi hilo. Katika Afrika Mashariki, ambako usiku una saa zipatazo 12 mwaka mzima, krisanthemu hudhani vuli imefika kila siku. Kwa sababu hiyo mashamba yanayotoa vipandikizi vya krisanthemu kwa ajili ya Ulaya huwasha taa usiku wa manane, ili mama wa vipandikizi wasichanue. Apitaye barabarani huona mwanga na huenda akadhani ni ulinzi.

Kazi ya shule

Kujenga bustani ya mawe ya Ulaya katika shule ya Tanga si jambo la maana. Siklameni ingeoza kabla ya mtihani wa muhula. Lakini swali lenyewe, yaani ni ishara gani iamshayo tunguu, laweza kuchunguzwa kwa mimea iliyopo. Nayapendekeza yale maua madogo meupe au ya waridi ya Zephyranthes, yaliyoletwa kutoka Amerika na kupandwa katika bustani nyingi za mijini, ambayo hutoka siku chache baada ya mvua kubwa. Wanafunzi wavae glavu au wanawe mikono baada ya kazi, kwani matunguu ya ukoo huu nayo hayaliwi.

Chukua matunguu 12 yenye ukubwa unaokaribiana, uyapande katika makopo 12 yaliyotobolewa chini, kwa udongo uliochanganywa na changarawe. Yaweke mahali pasipofikiwa na mvua, bila kuyanywesha, kwa majuma 8 ya kiangazi. Kisha yagawe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilowe kabisa kwa siku moja, halafu lisipewe maji kwa juma zima. La pili lipewe kikombe kidogo cha maji kila siku. La tatu libaki kavu. Joto la udongo lipimwe kila siku asubuhi na saa nane mchana, kina cha kidole kimoja, katika kopo moja la kila fungu.

Pengine fungu la kwanza litashinda, lakini mwalimu asiwaambie mapema. Mwaka unaofuata jaribio lirudiwe kwa matunguu yale yale, safari hii nusu ya fungu la kwanza ikiloweshwa kwa maji yaliyopozwa mtungini na nusu kwa maji yaliyoachwa juani, ili ijulikane kama ni maji yenyewe au ni ule ubaridi wayaletao. Daftari liwe na safu ya tarehe, ya kiasi cha maji, ya joto la asubuhi, ya joto la mchana, ya tarehe ya ua la kwanza, na pembeni yake safu ya tarehe ya jani jipya la kwanza, ili wanafunzi wahesabu wenyewe siku zilizopita kati ya viwili hivyo katika kila kopo.